Zamu Huanzia Chini

Stuttgart, Jumapili ya Kwanza ya Majilio. Huu ni mwaka wangu wa arobaini na moja nje ya nyumbani.

Mdogo wangu Anasia,

Naandika mchana, mezani karibu na dirisha, kwa kalamu ya wino, kwa sababu haya hayafai kusemwa kwenye simu. Kwenye simu unanikatiza, mimi napandisha sauti, halafu tunaishia kuulizana habari za mvua. Basi nianze na hiyo mvua tuimalize. Vuli imeshika? Goti lako la kushoto linakubali kupanda mpaka kanisani, au bado unapumzika njiani na kujifanya unaangalia migomba ya watu? Yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Kahawa imeanikwa yote, au imenyeshewa kama mwaka jana?

Mimi ni mzima kwa kadiri ya mzee wa miaka sitini na minane. Presha inapanda, dawa inaishusha, inapanda tena. Tangu mke wangu afariki napika mwenyewe. Juzi nilijaribu loshoro kwa ndizi za dukani na maziwa mgando ya kiwandani. Nilikula kwa adabu tu, kama mtu aliyekaribishwa na watu asiowajua.

Sasa salamu zimekwisha. Nina hasira, Anasia, na sitaizungushia maneno.

Umeniandikia kwamba mmeipaka rangi nyumba yangu ndogo, kijani chini na nyeupe juu, kwamba kwaya imejifunza wimbo, na kwamba kaka yetu Zakaria amesimama kanisani kwenye matangazo akasema ndugu yake anarudi, na anarudi na kampuni mkononi. Mimi sijasema narudi mwaka huu. Hayo mmeyasikia kwa wageni wa kampuni waliofika hapo mjini, wakawaita watu hotelini, wakawanywesha chai na kuwaonyesha picha yangu ukutani. Sikuulizwa. Nitakueleza yaliyotokea tangu mwanzo, maana najua barua hii utaisoma mara mbili, na Zakaria ataisoma mara moja tena mbiombio.

Kampuni yenyewe unaijua: ndiyo niliyoifanyia kazi mpaka nikastaafu. Wanatengeneza programu za kompyuta za kuendesha mahospitali na maghala ya mizigo. Mwaka huu waliamua kwamba wanataka wahandisi vijana kutoka Afrika Mashariki, watakaofanya kazi hapo hapo Arusha, na wakaniita mimi mzee niwasaidie kuwachagua. Nilifurahi. Nakiri hilo mapema ili usidhani nilikuwa mwerevu tangu mwanzo.

Namna yao ya kuajiri naijua kama ninavyojua ngazi za nyumba hii. Wana orodha. Ni orodha ya vyuo vikuu vyenye majina makubwa, vingi vya Ulaya na Marekani, na vichache vya Afrika ambako watoto wa wenye nazo hupelekwa. Kijana wa chuo kilichomo kwenye orodha hufuatwa akiwa bado mwaka wa pili. Hualikwa chakula cha jioni, hupewa fulana na mkoba, huitwa kwa jina lake la kwanza na watu wenye vyeo. Kijana wa chuo kingine, barua yake inafunguliwa na mashine na kufungwa na mashine, jicho la binadamu lisiiguse. Nililipinga jambo hilo mkutanoni zaidi ya mara moja. Nilipigiwa makofi. Orodha ikabaki.

Safari hii nikawaambia: fanyeni shindano. Ulizeni swali moja, majibu yaje na namba tu, bila jina, bila chuo, bila picha. Wakakubali, nadhani kwa kunistahi uzee.

Swali lilikuwa hili. Una kompyuta chache, na maombi mengi mno yanazijia kwa wakati mmoja. Andika programu itakayoyapanga ili yote yahudumiwe na hakuna linalosahaulika.

Tulikaa watatu kusoma majibu. Mimi, Bi Karin, mkuu wa ajira, mwanamke mpole anayetabasamu hata anapokunyima, na Lukas, kijana wa vyuo vya orodha, mwenye akili kweli, na anayejua kwamba anayo. Majibu mengi yalifanana. Mlango unafunguliwa, wa kwanza kufika anahudumiwa kwanza, na mwenye nguvu anapewa zaidi. Kisha likaja jibu moja fupi, safi, na mpango wake ulikuwa umegeuzwa. Ulianzia mkiani. Lile ombi lililo mbali kuliko yote, lenye uwezekano mkubwa wa kukosa, lilihudumiwa kwanza, kisha huduma ikapanda taratibu kuelekea mlangoni.

Lukas akasema, "Huyu kakosea mwelekeo."

Nikamwambia, "Iendeshe kwanza."

Akaiendesha. Akaiendesha tena, akaongeza maombi mara kumi. Hakuna hata moja lililosahaulika. Akasogeza kiti, akaanza kusoma mstari kwa mstari. Kisha akauliza, "Hii m-s-i-b-a ni kifupi cha nini?"

Anasia, niliinama mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta.

"Si kifupi," nikamwambia. "Ni neno. Ni kufiwa."

"Kufiwa? Ndani ya programu?"

"Ni ombi lisiloweza kusubiri. Kwetu mwenye msiba hangoji zamu ya maji. Watu wanakuja kumzikia, lazima wapikiwe."

Akacheka, lakini hakucheka kwa dharau. Na mimi nilijua kwamba aliyeandika jibu hilo amekunywa maji ya mfereji wetu, au wa jirani yetu. Wewe huandiki programu, lakini jambo hili unalijua kuliko Lukas. Kiangazi, zamu haianzii kwa mtu wa juu karibu na banio, pale maji yanapoingilia mferejini. Inaanzia kwa Mama Nanga kule chini kabisa, inapanda shamba kwa shamba. Wa juu hana haraka, maji yanapita mlangoni kwake kila siku; na kwa kuwa zamu yake ni ya mwisho, inambidi alinde mfereji usivuje mpaka wote wamalize. Baba hakuwahi kutueleza sababu. Alituonyesha tu, kwa jembe, na kwa kofi pale mimi nilipofungua tuta kabla ya wakati.

Jibu hilo likapata alama za juu kuliko yote. Namba ikafunguliwa, jina likatoka. Upendo. Binti yako.

Naapa sikujua. Hakuniambia kwamba ameomba, nawe hukuniambia, na nadhani mlifanya hivyo kwa makusudi, ili asiseme mtu kwamba amebebwa na mjomba. Nikasimama, nikawaambia wenzangu kwamba huyu ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo sitakuwamo kwenye usaili wake. Wakanisifu kwa uaminifu. Nikaenda nyumbani nikiwa najisikia mrefu. Sasa najiuliza kama ule ulikuwa uaminifu au ulikuwa utamu wa kusifiwa, maana ningekaa kwenye kile kiti, hata bila kura, ningeweza kuwaambia walichokuwa wanakisikia.

Wiki moja baadaye Bi Karin akanitumia taarifa. Mwombaji hakuendelea. Nikaenda ofisini kwake nikataka karatasi ya alama. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, chuo chake hakimo kwenye orodha. Yaani walifungua namba, wakakuta chuo cha ufundi cha hapo mjini, na orodha ambayo tulikuwa tumeifukuza mlangoni ikaingilia dirishani. Ya pili iliandikwa hivi: *Mwombaji hakuthibitisha kwamba kazi ni yake.*

Nikampigia Upendo asubuhi yake. Nyuma yake ilisikika mashine ya yule fundi wa kuchomelea vyuma, jirani wa chumba alichopanga Ngarenaro, hapo mjini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Hebu niambie, walikuuliza nini?"

"Mengi. Yale ya kompyuta niliyajibu yote. Halafu yule dada akaniuliza, wazo hili ni la nani?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni la mfereji."

"Upendo!"

"Sasa mjomba ningesema la nani? Nikawaeleza. Nikasema mpango wa kuanzia chini ni wa wazee, sijui wa tangu lini. Ya kwamba mwenye msiba apite, hiyo ni ya Mama Nanga, ndiye anayeshika daftari la zamu. Ya kuhesabu uvujaji tulielewana kwenye kamati baada ya ule ugomvi wa Februari, nilipoanza kuuandikia mfereji programu ya zamu. Yule kaka akaniuliza, kwa hiyo wewe ulifanya nini? Nikasema, mimi niliandika tu."

"Tu!"

"Mjomba, unanigombeza?"

"Hapana. Lakini pale hapakuwa na mfereji, mama. Ungesema ni lako. Umekaa miezi minane unaliandika."

"Hapakuwa na mfereji? Usaili ulikuwa wa kwenye kompyuta, na kamati nzima ilikuwa hapa chumbani, nyuma yake! Walishuka na gari la maziwa. Mama Nanga amevaa kitenge chake cha Krismasi, amekuja na daftari kabisa, ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Nidai ni langu, halafu namtazamaje? Unajua mwenyewe, anayesema maji ni yake, zamu yake inarukwa."

Najua. Wote tunajua. Ukitamka kwenye mfereji kwamba maji haya ni yangu, hata kwa mzaha, hata kama ni wewe uliyeamka kuzibua banio peke yako, wanakuruka siku hiyo na unatazama maji yakipita. Mtoto aliyelelewa hivyo, ukimuuliza wazo ni la nani, atakutajia kila mtu isipokuwa yeye. Kwetu huo ndio ukweli. Kwenye karatasi ya kampuni ni kushindwa.

Na sasa jambo ambalo lilinifanya nisile siku nzima. Lile swali, *wazo hili ni la nani*, niliandika mimi. Miaka mingi iliyopita alikuwapo kijana wa chuo kikubwa aliyesimama mbele ya wakuu na kueleza, kama lake, jambo lililobuniwa na fundi mmoja mwanamke ambaye hakuwa na shahada. Akapandishwa cheo. Mimi nilikasirika, nikapigania swali hilo liingizwe kwenye usaili ili kuwanasa wa namna yake. Likaingizwa. Lakini wale wa vyuo vya orodha wanafundishwa kulijibu. Lukas mwenyewe aliniambia kwamba chuoni kwake yako masomo ya jioni ya kujiandaa kwa usaili, na jibu la swali langu ni sehemu ya somo la kwanza. Sema ni lako, tazama machoni, usitaje wengine zaidi ya mara moja. Nilitega mtego wa waongo. Waongo wakajifunza kuuruka, na mtego ukakaa miaka yote hiyo ukimsubiri mkweli, mtoto wa dada yangu.

Nilitumaini kwamba nyumbani angalau mtamfariji. Nikampigia Zakaria. Unajua alivyoanza?

"Huyo mtoto ametuaibisha," akasema. "Unapelekwa mbele ya Wazungu, unaanza kuwatajia wazee wa mfereji na mama mwenye daftari! Angesema ni langu, nani angemshtaki?"

"Wewe, Zakaria. Wewe ndiye katibu wa kamati."

"Mimi ningenyamaza."

"Umewahi kunyamaza lini?"

"Haya, cheka. Mimi nasema aanze upya. Atafutiwe moja ya hivyo vyuo vya orodha, asome, arudi akijua kujieleza."

Aanze upya! Ana miaka ishirini na saba, amewashinda wote waliosoma huko, na dawa yake ni kwenda kusoma huko. Mwambie kaka yetu, kwa heshima zote ninazomdai na anazonidai, kwamba hilo ni sawa na kumpeleka anayeumwa macho kwa kinyozi. Upendo hana upungufu wa elimu. Pungufu ni ile karatasi yao ya alama. Na Zakaria anayefurahia kampuni, ajue kwamba watu wale hawakuja kuwatafuta watoto wetu. Walikuja kupanga jumba Engutoto, wakae karibu na mlima na hewa nzuri, na kuwaleta humo vijana waliokwisha kuchujwa mbali.

Najuaje? Bi Karin alikuja kwangu. Alikuja na keki ya tufaha, akaketi pale anapokaa mchungaji akija kunitazama, akanieleza kwamba wanataka niende Arusha. Kwanza kwa wiki mbili za uzinduzi, kisha kama mshauri kwa muda wowote nitakaopenda. Tiketi, nyumba, gari, daktari. "Tunahitaji sura wanayoiamini," akasema. "Na wewe utarudi nyumbani kwa heshima."

Nitakwambia kweli, Anasia, kwa sababu wewe ndiye uliyenishika mkono asubuhi ile nilipoondoka, ukiwa bado na sare ya shule. Nilitaka kusema ndiyo. Kila Majilio kwa miaka arobaini nimejiambia, mwakani. Nilianza kujiambia hivyo kabla mama hajafa, na nikamzika kwa simu. Alipotaja nyumbani nilisikia harufu ya kahawa mbichi inayooshwa, nikauona mlima ulivyo kutoka barabara ya Makumira, pale mawingu yanapofunguka ghafla saa kumi na mbili asubuhi na unagundua kwamba ulikuwa umesimama hapo muda wote. Mtu mwenye umri wangu akiitwa nyumbani, magoti yanajibu kabla ya kichwa.

Nikauliza, "Hao vijana mtawapataje?"

"Mwaka wa kwanza kutoka kwenye orodha," akasema. "Baadaye tutaona."

"Na lile jibu lililoshinda?"

Akafurahi kwamba nimeuliza. "Lukas ameshaliingiza kwenye mfumo. Linafanya kazi vizuri mno. Hospitali mbili zinalitumia."

"Bila mwenyewe?"

"Masharti ya shindano yanasema majibu ni mali ya kampuni. Alibofya kukubali."

"Na msiba?"

"Ah, amelibadilisha. Sasa linaitwa dharura namba moja."

"Kwenye kumbukumbu zenu, wazo hilo limeandikwa ni la nani?"

Bi Karin akaitazama keki. "La Lukas," akasema. "Lazima paandikwe jina. Na yule dada alisema mwenyewe kwamba si lake."

Nilisimama. Sikumtukana, Kijerumani changu kikikasirika kinakuwa cha kitabuni. Nikaifunga keki yake kwenye karatasi ileile iliyokuja nayo, nikamkabidhi, nikamfungulia mlango. Kesho yake nikawaandikia kujiondoa, na nikataka kwamba jina la Upendo na la kamati ya mfereji yaandikwe panapostahili. Nimejibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Nafahamu maana ya kupokelewa. Nimewahi kuzipokea barua za namna hiyo kwa niaba yao.

Kwa hiyo hapana, sitakuja na kampuni mkononi. Sitakaa hotelini chini ya picha yangu mwenyewe kuwaambia wazazi wa Meru kwamba mlango uko wazi, wakati najua ufunguo uko kwa nani. Mkiwaona wageni hao tena, wapeni chai, tuna adabu zetu. Lakini picha yangu waishushe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka kurasa zote hizi. Hasira yangu nimeigawa kwa kampuni, kwa Karin, kwa Lukas, kwa Zakaria. Limebaki fungu la mtu mmoja.

Upendo aliponipigia wiki iliyopita aliniambia mwenye chumba cha Ngarenaro anakitaka ifikapo Krismasi, akigeuze stoo ya magodoro. Kwamba kile chumba hata hivyo kilikuwa kinamtesa, fundi akiwasha mashine ya kuchomelea umeme unashuka, kompyuta inazimika, kazi ya asubuhi nzima inapotea. Na kwamba kamati za mifereji mitatu ya jirani zimemwomba awaandikie programu kama ya kwetu, lakini hana pa kukaa. Nikamwambia, si ujenge kachumba nyumbani? Akasema kwa ile sauti yenu ya upole inayokata:

"Mjomba, niliomba mara mbili. Nilimwomba mjomba Zakaria nichimbe msingi pale kwenye shamba la ukoo, kile kihamba kilicho wazi. Akaniambia pana mwenyewe."

"Nani?"

"Wewe."

Anasia, kwa nini hukuniambia? Au uliniambia nami sikusikia?

Baba aliponikatia kile kihamba wiki ya safari yangu, alipanda masale, mimea ya mpaka, kwenye pembe nne kwa mkono wake. Nawe unajua taratibu. Ardhi ya mtoto anayengojewa haijengwi na mwingine, wala nyumba yake hailaliwi. Utakata majani, utakula ndizi, lakini msingi hauchimbwi mpaka mwenyewe arudi, au afe, au aseme kwa kinywa chake au aandike kwa mkono wake kwamba harudi. Mimi sikurudi, sikufa, na kila mwaka niliandika, mwakani. Kila nilipoandika neno hilo mlilipokea kama upendo, mkapaka rangi. Nami huku nilijiona mwana mwema anayekumbuka kwao. Kumbe nilikuwa mtu wa juu aliyeziba mfereji kwa tuta, akaondoka, akaacha watu wa chini wakitazama udongo mkavu na kusema kwa heshima, tusubiri, mwenyewe anakuja.

Miaka arobaini na moja. Na nimethubutu kuwakasirikia Wajerumani kwa orodha yao.

Basi maji yaachiliwe. Kihamba apewe Upendo, na ile nyumba ndogo pamoja na rangi yake. Najua Zakaria atasema mtoto wa dada ni wa ukoo wa baba yake. Mwambie Upendo amechimba mfereji huu tangu akiwa na miaka kumi, na mimi sijashika jembe humo tangu kabla hajazaliwa. Mwambie pia kwamba ninatoa nikiwa hai na akili timamu, na nakala ya barua hii nimempa mchungaji wa huku, ambaye ataituma kwa mchungaji wetu. Kama bado anataka kubishana, anipigie, tubishane mpaka salio liishe.

Nisalimie Zakaria na shemeji, na umwambie kwamba ninampenda, jambo ambalo halitamzuia kukasirika. Salimia fundi wa kuchomelea wa Ngarenaro aliyekuwa akizima mashine yake kila Upendo alipokuwa na kazi ya haraka. Sijamwona, lakini ni muungwana kuliko wengi wenye vyeo. Kwaya waimbe wimbo wao siku ya Krismasi, wasiupoteze. Mama Nanga mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili, na umwambie neno lake limefika katika hospitali mbili za Ujerumani likiwa limevuliwa jina. Yeye ataelewa. Upendo mwambie asijifunze kusema *ni langu* kwa ajili ya watu wale. Siku moja tu aliseme, siku atakayoweka msingi.

Kaka yako akupendaye,
Eliamani

Maneno haya ya chini yasomwe na Upendo mwenyewe kwa sauti mbele ya wazee wa ukoo, wakiwa wamesimama ndani ya masale manne ya baba.

Mimi, Eliamani, mwana wa pili wa nyumba hii, naandika kwa mkono wangu, bila kulazimishwa na bila kulewa. Kihamba nilichokatiwa nimekiachia kwa Upendo, binti wa dada yangu Anasia. Mtu yeyote asinitunzie tena mahali. Sitarudi.